Filamu Kongwe Hairejeshwi kwa Kubonyeza Kitufe

Binamu yangu alirudi kutoka Marekani na zawadi niliyokuwa nimeiomba kwa muda mrefu: diski ya Blu-ray ya Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, ambayo sehemu yake ya mwanzo inaonyesha Kampala ya mwaka 1972 na familia moja ya Kihindi ikifungasha mizigo baada ya Idi Amin kuamuru Waasia waondoke nchini. Tulikusanyika sebuleni, wakubwa kwa wadogo, diski ikaingizwa, na runinga ikatuandikia kwamba diski hiyo haiwezi kuchezwa katika eneo letu. Kesho yake niliipeleka kwa kijana mmoja anayeuza filamu katikati ya jiji. Akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga, akasema, "Mzee, haina hata mkwaruzo mmoja. Mashine yako ndiyo inaikataa." Alipoisikia bei yake akacheka kwa adabu. Kwa fedha hizo, alisema, angenijazia flashi nzima ya filamu zilizotafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayeweka sauti yake juu ya filamu, na hiyo yangu angeitafuta mtandaoni "ikiwa 4K kabisa," yaani yenye picha ya pikseli nyingi mno.

Sikumlaumu. Hayo ndiyo ninayoyasikia kila ninapozungumzia filamu za zamani: kwamba diski ni chombo tu cha kubebea filamu, kwamba 4K maana yake ni filamu iliyofanywa upya, na kwamba kampuni zinazouza diski hizi kwa bei kubwa zinauza kasha zuri kwa watu wenye fedha za kuchezea. Madai hayo si uongo mtupu, na ndiyo sababu yanahitaji kufumuliwa polepole, uzi mmoja mmoja.

Tuanze na majina. Lebo ndogo za filamu ni kampuni ambazo kwa kawaida hazitengenezi filamu mpya wala hazimiliki majumba ya sinema. Kazi yao ni kuchagua filamu zilizokwisha kuonyeshwa, nyingine miaka mingi iliyopita, kupata kibali cha kuzitoa kwa diski, na kuziandalia toleo lenye picha safi, sauti safi, maandishi ya tafsiri, mahojiano na kijitabu cha maelezo. Inayojulikana zaidi ni Criterion Collection ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984 ikiuza diski za leza zilizokuwa kubwa kama sahani za santuri. Uingereza kuna Arrow, Masters of Cinema na Second Run. Filamu za kisanaa, ambazo baadhi ya lebo hizi huzitegemea sana, ni zile zinazoongozwa na jicho la mwongozaji zaidi ya hesabu za soko: hadithi inaweza kwenda taratibu, na mwisho unaweza kuachwa wazi. Si lazima ziwe za kuchosha, ingawa nyingine, nikiri, zinachosha.

Neno la tatu ndilo linalochanganya watu zaidi. Kurejesha filamu ni kutafuta ukanda ulio karibu zaidi na ule uliopita ndani ya kamera, kuutengeneza, kuupiga picha upya fremu kwa fremu, na kuondoa madhara ya miaka bila kuondoa filamu yenyewe. Kupiga skani mpya peke yake ni hatua moja tu ya kazi hiyo. Kukuza picha kwa programu ya kompyuta, jambo linalofanywa siku hizi na yeyote mwenye intaneti na muda, ni kitu kingine kabisa, nami nitakirudia. Fundi wa nguo ya gome la mutuba akikuta tundu hapaki rangi juu yake. Hukata kiraka cha gome lile lile na kukishona, na ukiisogeza nguo karibu na macho utauona mshono. Mrejeshaji wa filamu hufanya kazi kwa moyo huo.

Hati na kibanja

Watu wengi hufikiri uchaguzi wa filamu ni kikao cha wajuzi wanaokunywa kahawa na kupiga kura kuhusu filamu bora duniani. Ladha ipo, na lebo isiyo na ladha yake haidumu, kwa sababu wateja wake hununua hata filamu wasiyoijua kwa kuamini jina lililo mgongoni mwa kasha. Lakini ladha hufungua mlango wa kwanza tu. Nyuma yake kuna maswali mawili ambayo kila mtu aliyewahi kununua kiwanja Buganda atayatambua mara moja: nani mwenye hati, na nani amekaa kwenye ardhi?

Kwetu mtu anaweza kuwa na hati ya mailo, yaani umiliki wa ardhi, huku mwingine akiwa na kibanja, yaani haki ya kukaa, juu ya ardhi hiyo hiyo, na mnunuzi asiyezungumza na wote wawili anajitafutia kesi. Filamu nayo iko hivyo. Haki ya kuiuza inaweza kuwa kwa warithi wa mtayarishaji, au kwa benki iliyochukua mali za studio iliyofilisika, au kwa kampuni iliyonunuliwa na kampuni nyingine mara tatu. Kanda zenyewe zinaweza kuwa katika hifadhi ya taifa ya nchi nyingine, au katika maabara iliyosafisha filamu hiyo miaka hamsini iliyopita na ambayo bado inadai gharama za ghala. Wimbo mmoja unaosikika redioni katika onyesho la nusu dakika unaweza kuwa na mmiliki wake mwenyewe. Filamu inayopendwa na kila mtu hukosekana sokoni kwa miaka mingi kwa sababu tu hakuna anayejua ni mkono wa nani unaopaswa kusaini.

Kibali kikipatikana, huwa cha nchi fulani na kwa miaka fulani. Hapo ndipo ilipotoka aibu ya sebuleni kwangu. Ulimwengu wa Blu-ray umegawanywa katika maeneo A, B na C. Amerika ni A, Ulaya na Afrika ni B. Lebo ya Marekani yenye kibali cha kuuza Marekani mara nyingi hufunga diski yake kwa eneo A, na mashine iliyotengenezwa kwa soko letu huikataa hata ikiwa mpya kama sarafu ya leo. Diski za 4K Ultra HD hazina mgawanyo huo. Na muda wa kibali ukiisha, diski haichapishwi tena; ndiyo maana toleo lililokuwa dukani mwaka jana huonekana leo kwa watu binafsi kwa bei mara mbili.

Kisha kuna fedha, na hapa naweza kupita haraka. Toleo la filamu ya kisanaa mara nyingi huchapishwa kwa nakala elfu chache tu. Gharama za kibali, maandishi ya tafsiri, mahojiano, uchapishaji na kazi ya picha zinagawanywa kwa nakala hizo chache. Bei ya diski yangu haikutokana na plastiki.

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kuelewa jambo ambalo hata mashabiki wakubwa hulikosea: mara nyingi lebo yenyewe haikuirejesha filamu. Kazi hiyo hufanywa na mwenye haki, au na hifadhi ya filamu, au na taasisi yenye wafadhili, kisha lebo hukodi nakala iliyokwisha kutengenezwa. Touki Bouki, filamu ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ya mwaka 1973, ilirejeshwa mwaka 2008 Bologna, Italia, chini ya mradi wa sinema ya dunia ulioanzishwa na mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, na ikaingia katika kasha la Criterion miaka mitano baadaye. Mwaka 2017 taasisi ya Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO walianzisha mpango wa kurejesha filamu 50 za bara hili, na Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania ikawa miongoni mwa za mwanzo. Bila wafadhili wa namna hiyo, lebo inayotegemea mauzo ya nakala elfu chache haiwezi kubeba filamu ya Kiafrika ambayo negativu yake, yaani ukanda wake wa mwanzo, ina ukungu.

Na ladha, nilisema, hufungua mlango wa kwanza. Lakini mlango huo una bawabu wake. Mwaka 2020 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba katika orodha ya Criterion, iliyokuwa na filamu zaidi ya elfu moja, waongozaji Wamarekani weusi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kampuni ilikubali kosa, na matoleo yaliyofuata yalionyesha mabadiliko. Mtu anayezichukulia orodha hizi kama msahafu wa sinema na akumbuke hilo.

Harufu ya siki

Jinja kuna mzee niliyemfahamu kupitia kwa shangazi yangu, ambaye ujanani alizunguka vijijini akionyesha sinema kwa mashine ya milimita 16. Siku moja alinitolea kopo la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Kabla kifuniko hakijaachia vizuri, chumba kilijaa harufu ya siki. Alisema kwamba kwa miezi mingi alidhani ni chupa ya kachumbari iliyomwagika mahali. Ndani, ukanda ulikuwa umejikunja kingo zake kama ganda la ndizi lililosahaulika juani, na alipojaribu kuvuta mwanzo wake ulikatika kwa mlio mkavu.

Harufu ile ni ya asidi ile ile iliyomo kwenye siki ya jikoni. Kanda nyingi za karne iliyopita zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kujivunja na kutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji zaidi, hata kopo moja bovu likaambukiza makopo ya jirani. Kanda za kabla yake, za nitrati, ambazo ziliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuwa hatari zaidi kwa sababu hushika moto kwa urahisi mno. Dawa ya asetati ni baridi na ukavu, vitu ambavyo uvungu wa kitanda kando ya Ziwa Viktoria hauna.

Kwa hiyo swali la kwanza la mrejeshaji ni: kuna nini ndani ya makopo? Negativu asilia, yaani ukanda uliopita ndani ya kamera, ndiyo bora kuliko zote. Kutoka kwake hutolewa nakala ya kati, kutoka ya kati hutolewa negativu nyingine, na kutoka hiyo ndizo hutolewa nakala za kuonyesha ukumbini. Kila kizazi hupoteza kidogo. Aliyewahi kutoa fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa anajua jinsi mhuri unavyogeuka kuwa doa jeusi. Kopo la mzee wa Jinja lilikuwa na kizazi cha mwisho, na bado lingekuwa hazina kama lingekuwa ndilo pekee lililobaki duniani.

Ukanda ukishapatikana, hukaguliwa kwa mkono, mikato hushonwa, kisha huoshwa kwa dawa maalumu. Wakati wa skani unaweza kupitishwa ndani ya kimiminika kinachojaza mikwaruzo; ni kama kikombe cha plastiki kilichochakaa ambacho kikitumbukizwa ndani ya maji michirizi yake hutoweka machoni. Skana hupiga picha kila fremu. Filamu ya dakika 90, kwa fremu 24 kila sekunde, ina fremu 129,600. Mtu mmoja akizitazama kwa dakika moja tu kila fremu, kwa saa nane kila siku bila mapumziko, atamaliza baada ya siku 270. Kompyuta husaidia kukamata vumbi na michirizi, lakini hukosea: tone la mvua na cheche ya moto hufanana sana na vumbi machoni pa programu, na lazima mtu afuate nyuma kurudisha kilichofutwa kwa makosa.

Picha moja ya 4K isiyobanwa inachukua takriban megabaiti 50, hivyo filamu nzima huzidi terabaiti sita. Diski ya kawaida ya Blu-ray hubeba hadi gigabaiti 50. Kuibana filamu kiasi hicho bila kuiumiza ni ufundi peke yake, na ile ya flashi imebanwa tena mara kadhaa baada ya hapo. Ni kama habari ya msibani iliyopita midomo kumi kabla ya kukufikia.

Mfano wa subira ya kazi hii ni filamu tatu za mwongozaji wa India Satyajit Ray zinazofuata maisha ya kijana Apu, ambazo wazee wengi wa Kihindi hapa Kampala wanazikumbuka. Negativu zake ziliungua mwaka 1993 katika moto uliozuka kwenye maabara ya London. Mabaki yalitunzwa Marekani miaka ishirini bila yeyote kujua la kuyafanyia. Mwaka 2013 Criterion na maabara ya Bologna waliyafungua: kanda zililainishwa kwa dawa, gundi na nta vikaondolewa, kingo zilizoyeyuka zikajengwa upya kwa mkono, kwa karibu saa elfu moja za kazi. Asilimia 40 ya filamu ya kwanza na zaidi ya 60 ya filamu ya pili zilitokana na kanda zile zilizoungua. Ya tatu haikuokoka, ikabidi itengenezwe kutokana na vizazi vya chini yake.

Sasa nirudi kwenye 4K ya mtandaoni. Filamu ya zamani imeundwa kwa chembechembe ndogo mno za fedha au rangi. Chembe hizo si uchafu juu ya picha bali ndizo picha yenyewe, kama nyuzi zilivyo kitambaa. Programu ya kukuza huziona kama kasoro, huzifuta, kisha hubuni kitu cha kujaza nafasi. Ngozi inakuwa laini kama nta ya mshumaa, na watu waliosimama nyuma wanapata macho ambayo hakuna aliyezaliwa nayo. Idadi ya pikseli imeongezeka kweli. Habari iliyomo haijaongezeka hata kidogo.

Ipi ndiyo filamu yenyewe?

Rangi huleta ugomvi mkubwa zaidi ya vumbi. Kanda nyingi za rangi za kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1980 hupoteza bluu na kijani na kubaki za waridi, kwa hiyo anayerejesha hawezi kuiga tu anachokiona. Mwongozaji akiwa hai, huitwa. Urejeshaji wa Mississippi Masala ulisimamiwa na Mira Nair mwenyewe pamoja na mpiga picha wake Ed Lachman, na toleo likatoka mwaka 2022. Wekundu wa barabara za Kampala ulioamuliwa humo ndio walioukusudia wao. Lakini kumwita mwongozaji si dawa ya kila kitu. Wong Kar Wai wa Hong Kong aliporejesha filamu zake kwa kasha lililotoka mwaka 2021, alibadilisha rangi na hata upana wa picha katika baadhi yake, na mashabiki wakalalamika kwamba filamu walizozipenda zimechukuliwa na mwenyewe. Nadhani walikuwa na haki ya kulalamika, naye alikuwa na haki ya kubadilisha. Kosa ni kuziacha nakala za mwanzo zitoweke.

Wakati mwingine mwenye kukata ni mtu mwingine kabisa. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu Idi Amin kwa ushirikiano wa Amin mwenyewe. Rais alipopata habari za yaliyomo, alitaka sehemu fulani ziondolewe, na mwongozaji alipokataa, Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda walikusanywa hotelini na kuzungukwa na askari. Schroeder alikata. Utawala ulipoanguka, vipande vilirudishwa, na toleo lililomo kwenye diski leo ni lile kamili.

Na kuna filamu ambayo ingewatoa jasho warejeshaji wote wa Bologna: Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, na Nabwana I.G.G. mwaka 2010. Haikuwahi kuwa na negativu; ilizaliwa ndani ya kompyuta. Nakala isiyo na sauti ya VJ haikubaki. Iliyobaki ina VJ Emmie akipiga kelele, akitania na kumsifu kila anayerusha risasi, nayo ndiyo hifadhi ya AGFA ya Texas iliyoitoa kwa Blu-ray. Kwa kanuni za kawaida, sauti iliyowekwa juu ya filamu baadaye ni doa la kuondolewa. Kwa mtu aliyekulia vibanda vya video vya Kampala, ukimwondoa VJ umeondoa filamu.

Hatimaye nilipata mashine isiyobagua maeneo kwa rafiki yangu anayekaa Ntinda, nikamwalika yule kijana wa flashi. Alikaa kimya tangu mwanzo hadi familia ilipopanda basi kwenda Entebbe. Kisha akasogeza kiti, akainama karibu na kioo, akaelekeza kidole kwenye anga. "Mzee, mbona hapa kama kuna vumbi linacheza?"

Nikamwambia asogee karibu zaidi.